Waya Tatu za Bwana Mrindoko

“Plagi nne zikitumia waya tatu, kwani zitapigana?”

Bwana Mrindoko aliuliza hivyo mbele ya gereji nzima, na gereji nzima ikanyamaza. Si kwamba jibu halikuwepo. Jibu walikuwa nalo wote, ila wote walikuwa wamesimama chini ya bati lake.

Maana palikuwa na tajiri huyo, jamani, kule Same: mwenye kiwanja cha gereji, mwenye mabanda, mwenye lori la kuteremsha tangawizi kutoka milimani. Ubahili wake ulikuwa wa kukunja leso asije akaichakaza kwa jasho. Lori lenyewe lilikuwa la petroli, kuukuu, limemzidi dereva wake umri. Likiuona mlima, linakohoa. Likiupanda, linakata roho.

Fundi Nakijwa alikuwa mpangaji wake, mwanamke mwembamba mwenye kucha za grisi na ulimi usio na breki. Alifungua boneti, akatazama, akasema ukweli. Hilo ndilo kosa lake.

“Mzee, injini yako nzima. Waya za plagi ndizo zimepasuka, umeme unavujia pembeni. Usinunue mengi. Tafuta waya nne tu, hata za bei ya chini, lori litapanda.”

Fundi mwingine angemuuzia injini. Huyu alimwonea tajiri huruma! Naye tajiri akaenda dukani, akarudi na waya tatu.

“Na ya nne, Mzee?”

“Zishirikiane. Makuli wangu wanalala wawili kitanda kimoja, na hajafa mtu.”

“Umewahi kuwauliza wameamkaje?”

“Kuli haulizwi ameamkaje.”

“Ungewauliza, Mzee, leo ungekuja na ya nne.”

Watu wakakohoa kuficha kicheko. Bwana Mrindoko akapandwa na mori. “Sikiliza, binti. Lori hili liungurume sawasawa kabla ya adhuhuri. Lisipounguruma, unahama banda langu, na sanduku la spana unaliacha hapa.”

Sanduku hilo! Nakijwa alilijaza spana moja moja, kwa miaka tisa, huku akiambiwa arudi jikoni. Akainama.

Akachomoa waya moja, akachomeka mpya. Akachomoa ya pili, akachomeka. Moja moja, asizichanganye, maana kila waya ina plagi yake, na ukizikosea zamu injini hupiga chafya kama bibi aliyenusa ugoro. Tatu zikakaa. Ya nne ikabaki ile ile ya zamani, imepasuka kama kisigino cha kiangazi.

Dereva Kiondo akawasha. Du-du-du... puf. Du-du-du... puf.

“Umeshindwa!” Bwana Mrindoko akapiga makofi.

“Sijashindwa, Mzee. Tatu ziko kazini. Ya nne imetii agizo lako, imelala.”

“Nani kakwambia ni ya nne? Labda ni mikono yako. Thibitisha!”

Nakijwa akazungushia kiganja kipande cha tyubu ya baiskeli, umeme usimrushe. Injini ikiwa inaunguruma, akachomoa waya ya kwanza. Lori likatetemeka, nusura lizime.

“Huyu anafanya kazi,” akasema, akairudisha.

Ya pili, likatetemeka. Ya tatu, likatetemeka. Akachomoa ya nne. Hakuna mabadiliko: du-du-du... puf, vile vile.

“Umesikia, Mzee? Silinda hii ya plagi ya nne inakunywa petroli sawa na wenzake. Lakini waya yake, ukiiweka, ukiitoa, mlio ni ule ule.”

Sasa tazameni mtu anavyojichimbia. Tajiri akaona pa kumkomoa.

“Vizuri! Basi nahukumu hivi: kitu ukikitoa na mlio usibadilike, hakina haja, kiondoke. Na silinda ya nne ya gereji hii ni wewe! Toka!”

“Hukumu ni ya lori tu, Mzee, au ya kiwanja kizima?”

“Kiwanja kizima! Changu, toka ukuta hadi ukuta!”

“Na kila aliyemo?”

“Kila aliyemo! Sirudii neno!”

“Mmesikia, jamani?”

“Tumesikia,” gereji ikajibu. Sauti ilikuwa imerudi.

Nakijwa akafuta mikono, akatembea taratibu hadi langoni, akatoka nje, akasimama barabarani.

“Dada! Na breki zangu umezifungua zote!” akapiga ukelele mwenye bajaji.

“Fundi, na trekta yangu? Mvua haingoji!” akadakia mama mmoja.

“Fundi Naki, rudi bwana!” Huyo ni Kiondo, dereva wa tajiri mwenyewe, kichwa nje ya dirisha. “Na mimi mlima huu naupanda na nani, na yeye?”

Mafundi wakaweka nyundo chini. Wateja wakaanza kudai funguo zao. Kiwanja kikawa soko siku ya mnada.

Nakijwa akarudi ndani, akasimama mbele ya Bwana Mrindoko kwa adabu zote, mikono mbele, kichwa kimeinama kidogo.

“Mzee wangu, mimi nimechomolewa, na mlio umeusikia mwenyewe. Sasa naomba na wewe utoke nje ya lango kidogo, tusikilize.”