Kiwango cha Witness

Wengi huitamka methali hii wakicheka. Mgeni amepiga hodi, jogoo amekamatwa, na watoto wa nyumba ile wanajua kwamba leo na wao watapata paja. Basi utasikia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini waliotunga methali hii hawakuwa walafi wa kuku tu. Walijua kwamba mgeni anaweza kuwa amebeba dawa ya ugonjwa uliowashinda wenye nyumba, na kwamba dawa hiyo haiandikwi usoni. Mwalimu Restuta wa Itaka aliwafundisha watoto methali hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye mwenyewe aliielewa akiwa amekwisha kustaafu, tena kwa kuchelewa.

Restuta alikuwa mjane, mnyoofu wa mgongo na mkali wa macho, na neno lake lilikuwa na uzito katika kijiji kile. Akisema mtoto fulani ana akili, mzazi aliuza mahindi ili mtoto asome. Akisema hana, mzazi alimkabidhi jembe na mambo yakaishia hapo. Baada ya kustaafu alifungua tuisheni barazani kwake, saa tisa alasiri, kwa watoto wa darasa la saba. Walikuwa kumi na wanne, wote watoto wa wenye mashamba ya kahawa, na mmoja wao alikuwa mjukuu wake Ezron aliyemlea tangu akiwa wa kunyonya.

Huyo Ezron ndiye aliyekuwa donda la bibi yake. Alikuwa mtoto mpole, msomaji mzuri, lakini hesabu za sehemu zilimshinda kabisa. Bibi akimsimamisha ubaoni na kumuuliza theluthi ya kumi na mbili, ulimi ulimganda na mikono ikamtoka jasho. Restuta alijaribu maneno matamu, akajaribu fimbo, na fimbo ikaharibu zaidi. Haja yake iliyobaki duniani ilikuwa moja tu, Ezron afaulu mtihani wa Septemba na aende sekondari.

Mwezi wa Juni vibarua wakapanda kutoka bonde la Momba, kama ilivyo desturi yao kila wamalizapo kuvuna mpunga. Miongoni mwao alikuwa Fanueli, mtu wa Kamsamba, aliyekuja kuchuma kahawa katika shamba la Timotheo. Mkewe alibaki nyumbani na wadogo. Fanueli alikuja na binti yake mkubwa, Witness, ili ampikie na asome. Asubuhi Witness alihudhuria shule ya kijiji kama mwanafunzi mgeni, ingawa kwa ajili ya mtihani alikuwa amesajiliwa Kamsamba, na baba yake alikuwa ameahidi kumrudisha huko kabla ya Septemba.

Siku moja Fanueli alibisha kwa Mwalimu Restuta akiwa na mfuko wa mchele wa kwao, ule unaonukia hata kabla ya kuiva. Alisema ada hana, lakini mtoto anapenda shule kupita kiasi, na kama kungekuwa na pembe ya mkeka angeshukuru. Restuta aliupokea mchele na kumpokea mtoto. Jumapili ile waliupika, na Ezron aliramba mpaka sahani.

Kuanzia wiki ile alama za darasa zilianza kupanda. Diana, binti wa Timotheo, aliyekuwa akipata tano katika ishirini, alipata kumi na mbili. Ezron alipata kumi na nne. Restuta alifurahi hadi akasahau kukunja uso, akajisemea kwamba mazoezi yake mapya yamezaa matunda. Jambo moja tu lilimkera. Kila alipotoka ndani kuanza somo aliwakuta watoto wameizunguka ile meza ndefu ya miti inayoanikiwa kahawa, yaani kichanja, Witness akiwa katikati, wakipanga punje za buni mafungu mafungu. Aliwatawanya kila siku, akiwaonya kwamba kahawa si ya kuchezea.

Kizuri hakikosi mwenye kijicho. Jumapili moja ya Julai, baada ya ibada, Timotheo alikuja na wazazi wengine wawili. Walizunguka sana kabla ya kutua. Walisifu ukali wa mwalimu, wakasifu alama, kisha wakauliza kama ni haki mtoto wa kibarua apate bure kile ambacho wao wanakilipia.

"Mwalimu, mkono mtupu haulambwi," alisema Timotheo. "Kama ni huruma, ihubiriwe kanisani. Hapa ni tuisheni."

Restuta hakuwa mjinga. Alijua kwamba mtoto aliyeketi barazani saa tisa ni kikapu kimoja kilichopungua shambani kwa Timotheo wakati kahawa imeiva yote kwa mpigo. Alijua pia kwamba wazazi hawa wakiondoa watoto wao, tuisheni imekufa. Alikohoa, akarekebisha kitenge chake, akawaambia ataliangalia.

Kesho yake alimwita Fanueli. Alikuwa amekusudia kumwambia ukweli, kwamba wazazi wamekataa na yeye ameogopa. Lakini alipomwona yule mtu amesimama uani, kofia mkononi, mikono imepigwa weusi na utomvu wa kahawa, aliona aibu. Alikuwa amekula mchele wake. Ulimi ukatafuta njia nyepesi, na njia nyepesi ikawa mbaya kuliko zote.

"Baba Witness," alisema, "mtoto wako kiwango chake bado. Wenzake wako mbele, atawachelewesha."

Fanueli aliinamisha kichwa. "Kama mwalimu ameona hivyo, basi ndivyo. Asante kwa kumvumilia."

Witness alikuwa nyuma ya baba yake na daftari lake kifuani. Hakulia. Alimtazama mwalimu kwa muda, kama mtu anayeangalia hesabu aliyoifanya vizuri na kuona imewekewa mkasi wa kosa, kisha akamfuata baba yake.

Mwezi wa Agosti ukaja mtihani wa majaribio wa kata, na darasa la Restuta likaporomoka. Diana alirudi kwenye tano zake. Ezron alipata tatu. Bibi aliongeza saa za masomo, akaongeza fimbo, akawaita wavivu wa kutupwa. Alipomsimamisha Ezron ubaoni kwa mara ya nne siku ile, mtoto aliweka chaki chini, machozi yakamtoka.

"Bibi," alisema, "Witness ndiye aliyekuwa anatufundisha. Wewe ulikuwa unasahihisha."

Hakuwa na ufedhuli wowote. Alieleza kama shahidi. Pale kichanjani, kabla mwalimu hajatoka, Witness alikuwa akihesabu punje kumi na mbili na kumwambia kila mmoja awagawie baba, mama na mtoto. Aliyekosea hakuchekwa, alirudisha punje na kugawa tena. Ezron hakuhitaji kusema kitu, mikono yake ndiyo iliyojibu. Witness aliyajua hayo kwa sababu tangu utoto alikuwa akiwagawia wadogo zake wali, na hakuna mwalimu mkali kama mdogo mwenye njaa aliyepunjwa.

Restuta alikaa kwenye ngazi ya baraza. Alikumbuka jinsi alivyowafukuza pale kichanjani siku baada ya siku. Baadaye alijaribu mwenyewe kupanga punje na Ezron, lakini mtoto alikuwa akiitazama fimbo mapajani mwa bibi, wala si punje.

Hapo ndipo angeweza kuokoa mambo. Shamba la Timotheo lilikuwa mwendo wa nusu saa tu. Lakini kumrudisha Witness kulitaka akiri mbele ya kibarua kwamba mwalimu wa miaka thelathini na mmoja alisema uongo. Alijipa wiki moja ya kutafuta maneno. Wiki ikazaa ya pili. Alipopiga moyo konde na kwenda, aliambiwa kahawa ya Timotheo imekwisha na Fanueli amehamia kijiji cha Ruanda. Alimfuata Ruanda, akaambiwa wameteremka Tunduma kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Septemba ikafika, na watoto wakaingia katika chumba cha mtihani.

Matokeo yalipotoka, tisa kati ya wale kumi na wanne walikuwa wameanguka. Diana alianguka. Ezron alianguka. Timotheo alitangaza kwamba mwalimu amezeeka, na barazani pakabaki mabenchi matupu. Restuta alimpigia simu mwalimu wa Kamsamba kumuuliza kuhusu Witness, akajibiwa kwamba huyo hakutokea kabisa kwenye mtihani. Jibu hilo lilimchoma kuliko matokeo yote.

Januari, wenzao waliofaulu walipokuwa wakipimiwa sare za sekondari, Restuta alipanda gari hadi Tunduma. Aliulizia kwa wapagazi siku nzima, akawapita madereva waliolala chini ya malori yao wakingoja kuvuka mpaka, hadi alipoelekezwa kwenye banda la mama ntilie mmoja aitwaye Nesta. Witness alikuwa nyuma ya banda, akisugua masufuria. Alikuwa amekonda na kurefuka. Alifuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alisema amekuja kumchukua, atakaa kwake, ataandikishwa upya na kurudia darasa la saba, na hatadaiwa chochote.

Witness alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kejeli, kama mwanafunzi anayetaka kujua: "Kwani sasa kiwango changu kimefika?"

Restuta alilia mbele ya masufuria yale. "Kilikuwa kimefika tangu siku ile, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa mbele ya wote. Mimi niliwaogopa watu, nikakusingizia."

Fanueli alikuwa amefika, kitambaa cha kubebea mizigo begani, na aliyasikia yote. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema kwamba alikuwa na nauli ya kumrudisha mtoto Kamsamba, lakini aliona hakuna haja ya kumpeleka kwenye mtihani mtoto ambaye mwalimu mwenyewe amesema hawezi.

"Ungeniambia hayo Julai, mwalimu, ningembeba mgongoni hadi kwenye chumba cha mtihani," alisema. "Neno lako nililiamini mara ya kwanza. Hili la pili, nipe muda."

Restuta alipoaga, Witness alimsindikiza hadi barabarani, akamwagiza amsalimie Ezron, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba sehemu ameanza kuzisahau. Mwalimu alipanda gari akiwa amejifunika kitenge usoni.

Ezron alimngojea kichanjani, ametandaza punje kumi na mbili. Aliangalia nyuma ya bibi yake kama kuna mtu anayekuja, akaona hakuna, akazikusanya punje moja moja na kuzirudisha kikapuni. Mgeni alikuja Itaka na mchele mkononi na dawa kichwani. Wenyeji wakala mchele, dawa wakaimwaga, na ugonjwa wao wakabaki nao. Kweli wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.