Mikono Iliyokuwa Komeo

Wewe unayeguna hapo, funga kinywa nzi wasiingie. Umemwamini kila mchuuzi aliyekuapia kuwa samaki wake ni wa leo, na mimi nikikwambia siwa ilisema, unanitazama kama nimekula majani! Sikiliza au ondoka.

Katika mji wa Shungazi alitawala Sultani Harithi bin Muhadhari, mwenye majumba ya mawe na milango ya nakshi, na ufalme wake wote ulisimama juu ya mtu mmoja. Maana ujanani mwake maadui waliuzingira mji, na komeo la lango likavunjika, na askari aitwaye Shekuwe akapitisha mikono yake miwili mahali pa komeo, akalizuia lango. Mashoka yakapenya mbao, yakaikata mikono ile, na lango lisifunguke mpaka msaada ukafika.

Basi kila mwaka Sultani alifanya Karamu ya Lango, na Shekuwe akaalikwa, akakaa kule mwisho penye viatu, na Sultani akawaonyesha wageni kwa kidevu: "Yule ndiye simba wetu. Na tazameni adabu yake! Hali chakula mbele ya mfalme." Na wageni wakasema mashallah, wakaendelea kutafuna.

Mwaka mmoja Sultani akaamua kumwoza binti yake siku hiyo hiyo ya Karamu. Na kwa ada ya Shungazi ndoa haifungwi mpaka ilie siwa ya pembe, ambayo wazee walimfunga jini ndani yake awe mtumwa wa ukoo. Mpiga siwa akapuliza, mashavu yakaumuka kama maandazi. Kimya. Akapuliza tena. Kimya. Baba wa bwana harusi akaagiza viatu vyake.

"Ewe jini," Sultani akalia, "wataka kuniaibisha mbele ya wakwe zangu?"

Sauti ikatoka ndani ya pembe: "Ewe Maulana, mwenye bara na pwani, niliapishwa nisilie katika nyumba ambamo mgeni aliyealikwa ana njaa."

"Njaa? Kwangu? Na masinia yanafurika!"

"Muulize Shekuwe amekula nini."

Mzee akainamisha kichwa. "Nimeshiba, Maulana."

"Umeshiba mate!" Pazia la wanawake likafunuka, akatoka Bi Mwanashee, mke wa Shekuwe. "Maulana, kwako mtu haandaliwi mpaka anawe. Mtumishi hupita na birika na beseni, na anayenyoosha mikono humwagiwa maji, na sinia likamfuata. Haya, huyu anyooshe nini?"



"Mimi ndiye nimlishaye. Akila, punje haikosi kumwangukia kifuani. Lakini akitoka kwako hurudi na kanzu safi kama sanda, na ameniapisha nisiseme, eti askari haombi."

Joto likampanda Sultani shingoni mpaka masikioni. Adabu yake! Alilisema neno lile kila mwaka, tena kwa majivuno. Akatafuta pa kuweka macho, asione ila mikono yake mwenyewe, imejaa pete na mafuta ya pilau.

"Jini! Mjengee kasri la marijani, sasa hivi!"

Kufumba na kufumbua, kuta zikang'aa dirishani. "Tayari," jini akasema, "na siwa bado haitalia. Kujenga ni kazi yangu. Kushukuru ni kazi yako."

Ndipo Sultani akamnyang'anya mtumishi birika, akashuka peku mpaka penye viatu, akapiga magoti, akaviosha vile vigutu, akavifuta kwa kilemba chake. Akafinyanga tonge, akamlisha, na punje zikaanguka juu ya kanzu ya mzee.

"Nisamehe, baba."

Shekuwe akatafuna polepole. "Chumvi imezidi," akasema.

Siwa ikalia mpaka kunguru wakaruka mji mzima, na ndoa ikafungwa kwa vigelegele. Lakini Sultani hakuinuka alipokuwa.

"Bibi," akamwambia Mwanashee, "sema basi kwamba yamekwisha."

"Kasri tutalichukua, maana kwetu kunavuja. Hilo la kukwisha sinalo la kukupa. Aliyelala salama na amjue aliyekuwa komeo lake, asingoje pembe imwambie."

Akamvisha mumewe viatu, akamtanguliza. Kisha akatoka, akaufunga mlango, kwa mikono yake yote miwili.