Kwa Nini Tembo Huigusa Ardhi Kabla ya Kuikanyaga

Nyinyi mnaomlaani fuko kila mkikuta udongo umefumuka katikati ya mihogo, sogeeni hapa. Na jembe lako liweke chini, halitakimbia. Zamani, tena zamani hasa, Fuko alikuwa na macho makubwa ya kung'aa, na kila asubuhi aliota jua mlangoni kwake. Naye Tembo, mfalme wa nyika nzima, alijitupa chini popote alipotaka, akalala ubavu na kukoroma bila wasiwasi.

Mwaka mmoja mvua ikakataa kabisa. Mto ulikauka hadi samaki wakawa mifupa. Tembo akaamuru kila mwenye kucha za kuchimbia aje kuchimba kisima, na aliyetangulia mbele alikuwa Fuko, maana kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Walichimba mpaka kucha zikatoka damu. Siku maji yalipobubujika, Fuko alilia kwa furaha, akatimua mbio kwenda kuwaita wanawe watatu. Aliporudi nao akakuta kisima kimezungushiwa miiba na Tembo amesimama mlangoni.

"Maji ya mfalme hayanywewi na wenye miguu ya udongo," Tembo alisema.

Jamani! Udongo wenyewe si wa kisima hicho hicho? Fuko aliwarudisha watoto nyumbani midomo imewapasuka, na yule wa mwisho hakuwa tena na nguvu za kulia. Fuko alimtazama, na hofu yote aliyokuwa nayo kwa mfalme ikamtoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Mhanga, mchimbaji mwenzake mwenye masikio marefu.

"Kaka Mhanga, huyu mfalme wetu mchana hulala wapi?"

"Chini ya ule mkwaju. Kila adhuhuri, hakosi."

"Basi tutamchimbia hapo hapo. Akijitupa tu, aende chini na kitanda chake. Hatoki shimoni mpaka aseme watoto wanywe."

Mhanga alicheka mpaka akaketi. Kufikia jioni habari ilikwishapita kila shimo, na wachimbaji wakaja kwa wingi, nungunungu, ngiri, panya buku, kila mmoja akitaka apewe kipande chake cha kuchimba.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Wachimbaji wana desturi yao. Ukimaliza kipande chako unausukuma udongo nje, unautengeneza kirundo, unakipigapiga kwa kiganja kikae vizuri. Kirundo hicho ndicho heshima yako. Asiyekiacha huambiwa hakuchimba, alilala. Fuko aliwaapisha wote kwamba safari hii hakuna kirundo. Udongo wote ungebebwa chini kwa chini hadi kwenye korongo lililo nyuma ya kilima.

Siku sita walishika kiapo. Ya saba walifika chini ya mkwaju kabisa, dari imebaki nyembamba, wakawa wanalisikia tumbo la mfalme likinguruma juu yao! Wakakumbatiana gizani, wakajiuma midomo wasipige kelele. Imebaki kuikwangua dari tu akiondoka, kesho adhuhuri ndiyo siku yenyewe. Na Fuko, kwa jinsi moyo ulivyokuwa ukimruka, akawaza kwamba siku moja watu wataulizana nani alichimba kipande cha mwisho. Mfalme alipoondoka, akaikwangua dari, na udongo wake akausukuma juu. Kirundo kimoja tu, kidogo, nani atakiona? Akakipigapiga. Waliokuwa nyuma waliuona mwanga ukiingia, nao wakasukuma vyao, mmoja baada ya mwingine, mpaka korongoni. Nani angekubali aambiwe alilala?

Mwewe, askari wa mfalme, alikuwa angani. Nyasi zilikwisha kwa ukame, kwa hiyo aliviona vyote: virundo vibichi, vyekundu, vimepangana mstari mmoja hadi kitandani kwa bwana wake.

Kesho yake adhuhuri walijibana chini kusikiliza. Ndi! Ndi! Ndi! Tembo anakuja. Mhanga akafumba macho. Halafu nyayo zikasimama. Kisha ncha ya mkonga ikaanza kupapasa ile dari, polepole, mpaka ikatoboa.

"Fuko," Tembo aliita, na sauti ilimtetemeka. "Kumbe ungenizika?"

"Ningewanywesha wanangu," Fuko alijibu.

Hapo mfalme akapandwa na wazimu. Alilikanyaga handaki lile mwanzo hadi mwisho, ardhi ikatikisika, wachimbaji wakatawanyika kwa vishimo vya pembeni. Alikanyaga mpaka kuta za kisima chake mwenyewe zikaporomoka, na maji yakazama mchangani. Mengine yalitiririka hadi kwenye shimo walimojificha watoto wa Fuko, wakayanywa na matope yake mpaka matumbo yakawa mviringo. Lakini maasi yalikwisha siku hiyo. Tembo alibaki mfalme, na Mwewe akaamriwa kumkamata yeyote wa ukoo wa Fuko atakayetoa kichwa juani.

Na tangu siku hiyo Fuko anaishi chini. Macho yake yamepungua mpaka kuwa kama punje za mtama, na jua la asubuhi amelikosa, yeye na watoto wa watoto wake. Mhanga naye hutoka usiku tu. Ila mtazameni na mfalme! Akifika mahali asipopajua huipapasa ardhi kwa mkonga kabla ya kuikanyaga. Usingizi wake mwingi ni wa kusimama, ameegemea mti. Kisima hana tena. Kiangazi kikizidi huchimba mchanga wa mto kwa miguu yake mwenyewe, na akiondoka, wenye miguu ya udongo hunywa wote.

Na virundo? Fuko havifichi tena. Kwa hiyo kesho ukikikuta kipya kwenye mihogo, usikipige teke. Ni Fuko anasema amemaliza kipande chake. Tembo akikiona hukizungukia mbali, kwa sababu mpaka leo hajui vimebaki vipande vingapi.