Mtunga Maua Aliyeijua Ngoma

Mtu mmoja alikuwa na binti aliyependa kucheza. Mtu huyo aliitwa Niladri, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Orissa, huko Bara Hindi, na binti yake aliitwa Sulochana. Katikati ya mji lilisimama hekalu la kale, na kuta zake zilijaa wanawake wa mawe wanaocheza. Mmoja kichwa kimeinama upande huu, kifua kimekwenda upande ule, nyonga imerudi huku, mwili umepinda mara tatu. Mwingine amekunja magoti na kuyapanua, mikono ameitandaza, ametulia imara kama fremu ya mlango. Zamani wanawake wenye damu na pumzi walicheza hivyo mbele ya mungu wao, na ngoma hiyo ndiyo iliyokuwa sala yao. Kisha ukaja wakati wa kuona haya. Watu wakasema ngoma ile ni uchafu. Njuga zikavuliwa miguuni, wachezaji wakatawanyika, na waliobaki wakanyamaza. Mawe tu ndiyo hayakufukuzwa.

Niladri alitamani ngoma irudi, naye hakuwa mtu wa kutamani bila kufanya kazi. Kwa miaka mitatu alipanda ngazi akiwa na uzi na karatasi, akapima kila kiwiko na kila kidole, akachora. Alisoma vitabu vya kale akajifunza kwamba mkono ukikunjwa hivi ni ua la yungiyungi, ukikunjwa vile ni swala wa porini, na kwamba jicho sharti lifuate mkono. Akamfundisha binti yake mikao mia moja na minane, na Sulochana akaishika yote bila kukosea.

Siku ya sikukuu binti alicheza uani mwa hekalu. Alisimama kama jiwe la kwanza, kisha kama la pili, kisha kama la tatu. Watu walitazama kwa adabu. Mwanamke mmoja akamwambia jirani yake, huku akitafuna tambuu, kwamba hizo ni picha nzuri sana. Sulochana alimsikia. Alimaliza, akaenda nyuma ya ukuta, akafungua njuga zake huku analia. Baba yake akamfariji akisema kwamba huenda kuna michongo ambayo yeye baba aliiruka alipopima, na kesho yake akapanda ngazi tena.

Langoni mwa hekalu aliketi bibi mmoja jina lake Malati, mtunga maua. Niladri alikuwa akipita mbele yake kila asubuhi, na hakuwahi kumsalimu, kwa sababu ilijulikana kwamba Malati alikuwa mmoja wa wale waliovuliwa njuga. Hata maji hayakupokelewa mkononi mwake. Sulochana alipopita, akiwa bado na huzuni, aliona mkono wa yule bibi ukitoka kapuni na ua, ukapanda, ukageuka, ukashuka kwenye uzi, na macho yakaufuata, na shingo ikayafuata macho. Akasimama. Akaketi chini mavumbini, akasema, "Bibi, nifundishe." Malati akaficha mikono ndani ya sari yake, akamwambia aende kwao kabla hajaonekana. Binti hakwenda. Wiki nzima alirudi, akamsaidia kuchambua maua, mpaka siku moja yule bibi akasimama mwenyewe, akafunga ncha ya sari kiunoni, akaanza kuhesabu mapigo kwa mdomo.

Habari zilimfikia Niladri. Alikuja kwa hasira, michoro yake kwapani, nia yake kumwaibisha mtu asiyejua kusoma. Akafunua mchoro alioupenda kuliko yote, akamwambia, "Haya, huu mkao unaitwaje?"

Malati hakujua unavyoitwa. Lakini aliutazama, akatabasamu, akarudi nyuma hatua chache. Akawa mwanamke anayebeba mtungi, anatembea, hana habari. Mahali fulani filimbi ikalia. Hakuna aliyeisikia, ila wote waliona kwamba yeye ameisikia: mguu ukasita, nyonga ikabaki nyuma, kifua kikageuka, kichwa kikamwinamia yule anayepiga filimbi. Na hapo, kwa pumzi moja tu, akawa mchoro wenyewe. Kisha akapita, akaendelea na safari yake.

"Bwana mwalimu," Malati alisema, "jiwe limekuonyesha nilipotua. Halikukuonyesha nilikopita."

Niladri akavua viatu. Akaketi chini, mahali anapoketi mwanafunzi, ilhali yule bibi amesimama, na watu wa sokoni wakiona. Akamfungulia michoro yake yote. Hapo likatokea jambo ambalo hata Malati hakulitarajia. Kwenye mchoro wa kumi na tisa alijifuta machozi. Mkao huo alikuwa ameusahau kabisa. Aliusahau mwaka ule ndugu zake walipozifukia njuga zake shambani, na sasa mikono ilianza kuukumbuka yenyewe. Kwa hiyo wakafanya kazi pamoja, mwalimu akionyesha, bibi akiunganisha, binti akicheza katikati yao. Palipokuwa na pengo kwenye kumbukumbu, jiwe lilisema. Palipokuwa na ububu kwenye jiwe, bibi alisema.

Sikukuu iliyofuata Malati aliketi mbele ya watu wote, akigonga mapigo kwa vijiti viwili na kuimba. Sulochana alicheza. Akawa mama anayemkemea mtoto mtundu, huku macho yake yakishindwa kuficha kicheko. Akawa nyuki, akawa mvua, akawa mtu anayengoja mgeni asiyefika. Tambuu zilisahauliwa midomoni. Baadaye wanawake watatu walikwenda kwa Malati kumwomba maji ya kunywa, naye akawamiminia kwa mkono wake, nao wakanywa.

Ndugu zangu, nanyi mnaopima kwa uzi yale yaliyoandikwa zamani, na mnafanya vema kuyapima: ni nani aliyeyaishi, ambaye mpaka leo mnapita mbele yake bila kumsalimu?