Jino la Bi Buku

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiishi nyumba za bati, wakipiga pasi nguo zao na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na fundi wa magari katika kijiji cha Kisimani. Fundi huyo alikuwa panya buku, tena mwanamke, na wote walimwita Bi Buku.

Mnamjua panya buku? Ni yule panya mkubwa mwenye mashavu kama mifuko. Wenzake wakiokota karanga huzitia shavuni. Bi Buku yeye alitia nati, bolti na bisibisi ndogo, halafu akalala chini ya gari mikono yake miwili ikiwa huru. Mafundi wenye suruali za mifuko sita walimwonea wivu.

Gereji yake haikuwa na ukuta wala mlinzi. Ilikuwa kibanda tu na ua wa minyaa ambao hata mbuzi kipofu angeupita bila kusimama. Kwa hiyo alijiwekea desturi yake. Gari likilala kwake, alifungua boneti akachomoa rota. Rota ni kidude kidogo, hakizidi kidole gumba, nacho ndicho kinachogawa moto kwenye plagi. Bila rota, injini itakohoa mpaka jioni lakini haiwaki.

Wiki hiyo palikuwa na pikapu ya Mzee Tembo. Haikuwa gari la kujivunia, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Lakini ndilo gari pekee lililokuwa Kisimani, ndilo lililopeleka wagonjwa zahanati. Na Mama Twiga alikuwa mjamzito, siku zake zimefika. Kila asubuhi alichungulia juu ya ua, wala hakuhitaji kupanda kitu.

"Bi Buku, gari limepona?"

"Limepona, mwanangu. Leo jioni Mzee Tembo anakuja kulichukua mwenyewe. Wewe mwambie mtoto avumilie kidogo!"

Basi siku hiyo hiyo, saa saba mchana, jua la utosi, Bi Buku yuko peke yake anaisugua rota kwa kitambaa, akasikia: "Hodi! Hodi hapa!"

Mara moja, chwip! Rota ikaingia shavuni.

Aliyepiga hodi alikuwa Fisi, amechomekea shati na kuvaa miwani ya jua. Nyuma yake alisimama Kiboko, anahema, jasho linamtiririka.

"Habari za kazi, mama?" Fisi akasema kwa sauti ya asali. "Sisi ni wapwa wa Mzee Tembo. Mjomba ametutuma gari. Barua yake hii hapa, na muhuri wake."

Bi Buku akautazama muhuri. Ulikuwa duara, una meno meno pembeni. Loo! Kizibo cha soda hicho! Tena Kisimani nzima walijua kwamba Mzee Tembo hana muhuri. Yeye hutia sahihi kwa kukanyaga, na barua zake ni karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi ili unyayo uenee.

Moyo wa Bi Buku ukapiga du! du! du! Hawa ni wezi! Akipiga kelele, nani atamsikia, watu wote wako mashambani? Akikataa, Kiboko atamkanyaga abaki chapa ardhini. Na Mama Twiga je? Aliogopa, wanangu. Lakini akacheka.

"Barua safi kabisa! Ufunguo huu hapa, wanangu. Chukueni!"

Fisi, aliyekuwa amejiandaa kubishana, akaupokea ufunguo. Kisha akamkazia macho. "Mbona shavu limevimba hivyo?"

"Jino, bwanangu. Acha tu. Usiku kucha sijalala."

"Na unavyomung'unya maneno, mtu hakuelewi!" Fisi akaokota koleo mezani. "Nina mkono mwepesi mimi. Fungua mdomo nikung'oe!"

Uwii! Bi Buku akaruka nyuma ya pipa la oili.

"Fisi!" Kiboko akafoka. "Tumekuja kung'oa meno au kuchukua gari? Jua linaniunguza mgongo!"

Fisi akatupa koleo, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Krrr! Krrr-krrr-krrr! Kimya. Krrr-krrr! Kimya tena.

"Mama, gari hili umelitengeneza au umelichezea?"

"Nimelitengeneza, ila limekaa siku nyingi, injini imepoa. Linataka kusukumwa tu. Pale kwenye mteremko linawaka, nakuapia."

"Kiboko, sukuma!"

"Peke yangu?" Kiboko akaweka mikono kiunoni. "Juzi trekta nilisukuma mimi. Juzi ile nyingine pikipiki nilisukuma mimi. Wewe kazi yako miwani! Leo shuka!"

"Nikishuka nani ataendesha?"

"Nitawasaidia mimi," akasema Bi Buku kwa upole. "Klachi ya gari hili ina kichaa chake. Asiyeijua akiiachia vibaya, gari linarudi nyuma na kumsaga anayesukuma."

"Kumsaga nani?" Kiboko akaguta. "Fisi, shuka! Mama, panda!"

Bi Buku akaingia garini, akapanda juu ya sanduku la vifaa, akaushika usukani. "Sikilizeni! Inamisheni vichwa na mfumbe macho, maana likiwaka moshi wake unapofua. Haya, twende! Harambee!"

"Hewa-hewa! Hewa-hewa!" Gari likatoka nje, kwirikwiri.

Njia ya Kisimani hugawanyika penye kisima. Ya kushoto huenda barabara ya lami, ambako wezi walitaka kwenda. Ya kulia hupanda kilima mpaka kwa Mzee Tembo. Bi Buku akakata kulia.

"Mama!" Fisi akapiga kelele, macho kayafumba. "Mbona mteremko wenyewe unapanda?"

"Ni uchovu tu, bwanangu! Inashika hiyo!" Kisha akachongoa midomo, akaigiza injini: "Pu! Pu-pu! Pupupu!"

"Inashika! Inashika!" Kiboko akashangilia, akasukuma kwa nguvu mpya.

Kisimani, ukiona gari linasukumwa unaweka vitu chini unasaidia, hata hujauliza la nani. Mama Kanga alikuwa anatoka shamba na kikapu kichwani. Akakitua. "Poleni jamani! Ngojeni niwashike mkono!"

"Hapana! Tunatosha!" Fisi akajibu haraka.

"Mama Kanga," Bi Buku akaita, "wewe kimbia mbele umwambie mwenye nyumba wageni wanakuja na gari lake!"

Mama Kanga hajawahi kupewa habari akakaa nayo. Akatimua vumbi: "Kekekeke! Kekekeke! Gari linakuja!"

"Umemwambia nini yule?" Fisi akauliza.

"Aondoe watoto njiani. Pu! Pupupu! Bado kidogo!"

Wakasukuma. Wakasukuma mpaka ndimi zikaning'inia. Mara, kwiii! Bi Buku akafunga breki. Wezi wakafumbua macho. Mbele ya gari walimwona Mzee Tembo, ndevu zinamcheza, na kijiji kizima nyuma yake.

"Wapwa zangu!" akasema Mzee Tembo. "Sijawahi kuwaona tangu nizaliwe! Na mmenisukumia gari mpaka mlangoni!"

"Shi... shikamoo, mjomba," Fisi akasema.

Mkonga ukamkamata shingoni, mguu ukamzuia Kiboko mkiani. Ndipo Bi Buku akashuka, akafungua boneti, akainama. Ptu! Rota ikatua kiganjani. Akaifuta kwa kitambaa, akaifunga, akarudi usukanini, akazungusha ufunguo.

Vruuum!

Fisi miwani ikamdondoka. "Lile jino! Mimi nilitaka kuling'oa!"

"Ulikaribia sana, bwanangu," akasema Bi Buku, na sasa maneno yakatoka safi. "Nilikaribia kufa kwa hofu!"

"Uuuwi!" Mama Twiga akalia ghafla. "Mtoto anakuja!"

Wakampandisha, shingo nje ya dirisha, Bi Buku akakanyaga mafuta, vumbi likatanda. Kabla ya magharibi mtoto wa kike alizaliwa zahanati, mzima kabisa, mrefu kuliko mlango. Wakamwita Rota.

Na wezi? Walilirudisha trekta, wakilisukuma wenyewe kilomita ishirini. Fisi kiuno kilimshuka, hakijanyanyuka mpaka leo. Kiboko aliungua mgongo, na tangu hapo mchana kutwa yuko majini.

Basi hadithi yangu naiegesha hapa, nanyi shikeni hili moja: mwenye nguvu akija kukunyang'anya, mwache yeye asukume, usukani ushike wewe.