Mkeka wa Saumu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Sogeeni, na anayesinzia aseme mapema. Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa hawajachoka kusema nasi, paliishi mjane mmoja, jina lake Mize, msusi wa mikeka. Kwa bidii hakuwa na mwenzake. Akishaswali alfajiri anasuka ukili, zile kanda ndefu za majani ya miyaa zinazoshonwa ubavu kwa ubavu hata zikawa mkeka. Mchana anasuka. Jioni anasuka.

Kuku akamwuliza, "Mama Saumu, wasuka nini?"

"Nasuka tu, mikono isilale."

Mbuzi akamwuliza, "Wasuka nini?"

"Nasuka tu, mikono isilale."

Binti yake Saumu akamwuliza, "Mama, wasuka nini?"

"Nasuka tu, mwanangu, mikono isilale."

Ijumaa moja Saumu akaposwa, harusi ikawekwa Ijumaa ya pili. Na kwao mila ilikuwa hii: bibi harusi hukalia mkeka uliosukwa na mama yake. Akikalia wa watu, ataitwa Bibi Kuazima mpaka azeeke.

"Hilo tu?" Mize akacheka. "Ukili umejaa mpaka darini!"

Akaushusha. Lo! Huu upana wa vidole viwili, huu wa kiganja, huu mwembamba kama mkia wa panya. Akashona, mkeka ukavimba katikati kama chura. Akafumua, akashona, ukapinda. Akafumua, akashona, ukavimba tena. Saumu akaanza kulia.

Juu ya mkwaju palikuwa na mnana, ndege msusi wa viota. "Jirani," akasema, "hicho ni mkeka au kofia ya tembo?"

"Nyamaza wewe! Mimi nasuka tangu alfajiri!"

"Na mimi nasuka. Ila naanza na pete, kadiri ya mke wangu kupita. Jani lisiloifaa ile pete silichumi. Wewe ulianza na nini?"

Mize akauweka ukili chini. Neno lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Akasema moyoni, "Ee Mola, nisamehe. Nimejisifia jasho, kumbe sikujiuliza hata siku moja natakiwa kufika wapi."

Akaingia chumbani na kamba, akapima pa kuutandika mkeka. Kanda kumi na mbili, zote za kiganja. Siku sita, kanda mbili kwa siku. Ya saba, kushona. Mbili zikitimia, anaweka chini, anapumzika. Majirani wakanong'ona, "Mize siku hizi kawa mvivu!"

Ijumaa ikafika, Saumu akakalia mkeka ulionyooka kama maji ya mtungini. Mama wa bwana harusi akaupapasa ukingo. "Bibi mwenzangu, umekuchukua miaka mingapi huu?"

Ulimi ulimwasha Mize aseme uongo. Akaumeza huo uongo.

"Siku saba," akasema. "Hiyo miaka yote nilikuwa nachosha vidole."

Wanawake wakaangua kicheko. Na Saumu, ingawa bibi harusi hatakiwi hata kutabasamu, akacheka kuliko wote.

Hadithi yangu nimeilaza hapo. Kilichopinda ndani yake ni changu, kilichonyooka ni cha Mungu.