Mama, Umefanyaje?

Kaeni vizuri, wanangu, na mwenye mtoto mgongoni asogee karibu na mlango apate hewa. Leo Jumapili ya kina mama mchungaji amenipa dakika kumi. Mama yangu alikuwa akisema, ukipewa kumi kula saba, tatu zirudishe, ndipo kesho utaitwa tena. Kwa hiyo sitakawia.

Nina mfano, na ni mfano wa kompyuta. Msicheke. Najua mnachowaza: bibi huyu hata simu yake huipokea kichwa chini miguu juu. Ni kweli kabisa. Lakini mjukuu wangu Tumpe kazi yake ndiyo hiyo, na wiki nzima tulipokuwa tukichambua maharage alinieleza mpaka nikaelewa. Nisichokielewa nimekiacha hukohuko kwenye maganda.

Tumpe anasema kompyuta ina mfumo ndani yake, ndio unaoiamsha asubuhi na kuipangia kazi. Mifumo mingine inauzwa. Lakini upo mmoja wa bure. Una jina lake, alinitajia mara tatu na mara tatu likaniponyoka. Umetengenezwa na watu wengi wa nchi nyingi, hawajuani hata sura. Kila mmoja analeta kipande chake anakiweka wazi, anayetaka achukue, anayejua arekebishe. Nikamwuliza nani anawalipa. Akaniambia wengi wao hawalipwi. Nikasema, basi hao walilelewa.

Sasa sikilizeni. Shule moja ya sekondari ya kata ilikuwa na mama mchapaji. Kompyuta yake ilikuwa imejaa virusi mpaka ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inafikiri. Akaja fundi kutoka Mbeya, akaifuta yote, akamwekea ule mfumo wa bure, akaondoka zake.

Wiki ya kwanza yule mama alilalamika kila siku. Alisema ni kama kupika kwenye jiko la wifi: chumvi ipo, lakini haipo ulipozoea kunyoosha mkono. Wiki ya pili akaanza kunyamaza. Wiki ya tatu akawa anausifu kuliko mumewe. Kompyuta inaamka chai haijapoa. Walimu wanaleta uchafu wao wa mjini kwenye flashi, haiugui. Na haijamwomba kitu chochote. Kila aliyeingia kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa alitoka na mahubiri ya mfumo wa bure. Walimu wakambandika jina, Mama Mfumo, naye akalipenda.

Kasoro ilikuwa moja tu: printa. Printa ya shule ilikuwa kuukuu, na siku ilipounganishwa ikawasha taa nyekundu mara tatu, pa, pa, pa, ikanyamaza. Ukiirudisha, pa, pa, pa, kimya. Na fundi yuko Mbeya hapokei simu.

Lakini wenye mfumo ule wana jukwaa lao kwenye intaneti. Mwenye shida anaandika shida yake, anayejua anajibu, bure kama mfumo wenyewe. Yule mama akaandika. Mzee mmoja wa Tanga akamwambia ajaribu hivi. Akajaribu, taa tatu. Binti wa Kigoma akamwambia ajaribu vile. Taa tatu. Siku tatu nzima watu wasiomjua wakahangaika na printa ambayo hawajawahi kuiona. Siku ya nne asubuhi akachanganya la mzee na la binti, akaongeza na la kwake mwenyewe, mara printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikachapa.

Alicheza peke yake ofisini. Na kwa kuwa alikuwa mama mwenye adabu, akarudi jukwaani akaandika: "Nimefanikiwa. Asanteni sana, Mungu awabariki." Kisha akaenda kunywa chai.

Nawauliza, alikosa nini? Alishukuru, tena akawabariki. Wapo humu ndani ambao wakipona hata kwaheri hawamwachii daktari. Shikeni hapo, tutarudi.

Miaka minne ikapita. Printa ikachapa ratiba, barua za wazazi, hata programu ya mazishi ya mlinzi wa shule. Halafu mfumo ukatoka mpya, yule mama akausimika mwenyewe kwa furaha, na printa ikawa kama haijawahi kumwona. Pa, pa, pa. Kimya. Ilikuwa Ijumaa mchana, na Jumatatu kidato cha nne wana mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa.

Na mkuu wa shule alikuwa mgeni, ana mwezi mmoja tu pale, mtu asiyependa vitu vya bure. Akaja akasimama mlangoni.

"Mama, cha bure kikiharibika unamwendea nani?"

"Nawaendea wenzangu, Mkuu."

"Wenzako wapi? Wanaitwa nani?"

"Majina yao halisi siyajui. Sijawahi kuwaona."

Mkuu akatikisa kichwa. Hakugomba. Alisema tu kwamba Jumatatu saa moja asubuhi karatasi zisipokuwa mezani kwake, kompyuta itakwenda stoo, mitihani itachapwa mjini, na shule haitakuwa na haja ya mchapaji. Akaenda zake.

Miaka kumi na mmoja ya kazi, wanangu, imening'inia kwenye taa tatu.

Akajaribu kukumbuka alivyofanya mara ile. Wapi. Nani hapa anakumbuka kipimo cha chumvi aliyotia kwenye nyama ya Krismasi ya mwaka juzi? Akaingia jukwaani, akatafuta printa ya aina ile, taa nyekundu mara tatu. Jukwaa likamletea swali moja. Ulimwengu mzima, moja tu. Akalisoma: printa ni ileile, taa ni zilezile, hata uchungu wa mwandishi ulikuwa uleule. Yule mama akapiga makofi, akasema, "Ndugu yangu, kumbe tuko wawili."

Akateremka na macho. Mzee fulani amejibu hivi, imeshindikana. Binti fulani amejibu vile, imeshindikana. Anateremka, anateremka, mpaka chini kabisa: "Nimefanikiwa. Asanteni sana, Mungu awabariki."

Basi. Hakuna neno jingine la mtu yule.

Chini yake kuna wengine, mwaka hadi mwaka. Mmoja ameandika: "Mama, umefanyaje?" Mwingine: "Na mimi nina taa tatu, umefanyaje?" Muuguzi wa zahanati moja huko Mpanda naye: "Mama, siwezi kuchapa kadi za kliniki za watoto. Tafadhali, umefanyaje?" Watu sita. Wote wanamwita mtu aliyekwisha kwenda kunywa chai.

Naona mnacheka. Mmeshamjua. Lakini mwenyewe alikuwa bado, na ndivyo tulivyo: dhambi yangu kanisa zima linaitambua kwa mbali, mimi ndiye wa mwisho kupata habari.

Alikasirika yule mama! Akasema, mwanamke gani huyu mwenye roho hii, amepanda juu halafu amevuta na ngazi. Akasema na mengine ambayo hapa madhabahuni siyarudii. Akaona haitoshi kusema peke yake, ampashe mwenyewe. Akabonyeza jina la yule mwanamke ili amwandikie, na picha ikafunguka.

Kilemba cha njano. Kilemba chake mwenyewe, alichokivaa kwenye harusi ya mdogo wake.

Akamtazama yule wa kilemba, na yule wa kilemba akamtazama.

Mwingine hapo angezima kompyuta. Yeye akaandika mbele ya watu wote: "Ni mimi. Nilivuka nikasahau njia, na nyinyi sikuwajibu. Nisameheni. Leo nimerudi kwenye shida ileile na sijui pa kushika." Akafunga ofisi, akaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi akakuta jibu moja. La nani? La yule muuguzi.

"Mama, umerudi? Nimekungoja miaka miwili. Nilikukasirikia sana, ila Pasaka hii iliyopita nilikusamehe, kwa hiyo umekuja wakati mzuri."

Akamweleza kwamba alipochoka kungoja alihangaika mwenyewe wiki mbili, akapata. Zima vyote. Chomoa waya. Uambie mfumo uisahau printa kabisa, kama haujawahi kuiona. Washa printa kwanza, kompyuta ifuate. Jina la printa litatokea mara mbili kwenye orodha, na kila mtu huchagua la juu. Wewe chagua la chini.

Msiseme amina, hilo silo somo. Hiyo ni printa tu.

Akafanya neno kwa neno. Printa ikakohoa kikohozi kile cha zamani, ikavuta karatasi. Mpaka saa kumi jioni mitihani yote ilikuwa imechapwa, imepangwa na kufungwa kwa kamba. Jumatatu mkuu wa shule aliikuta mezani, akaipindua juu chini kama anayetafuta kasoro, akauliza, "Wenzako?" Naye akajibu, "Wenzangu, Mkuu." Na safari hii, kabla hajagusa kikombe, alikuwa ameshaandika jukwaani hatua zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, na wale sita akawataja mmojammoja.

Lakini kuna neno moja walilozungumza Jumamosi ile, na ndilo lililonifanya nisimame hapa. Yule mama alimwuliza muuguzi: "Na wewe ulipopata, mbona hukuandika?"

Muuguzi akamjibu: "Niliona ni jambo dogo, Mama. Mimi ni muuguzi wa zahanati tu. Nilidhani wakubwa wote wanajua, ningeandika wangenicheka."

Mnaona? Mmoja alinyamaza kwa furaha, mwingine alinyamaza kwa haya. Na katikati ya furaha na haya, watu watano walikaa miaka na taa zao tatu.

Sasa kompyuta nimeifunga, nakuja kwetu sisi.

Sisi kila Jumapili tunashuhudia. Mtu anasimama: Bwana asifiwe, nilikuwa na jaribu zito, Mungu amenivusha, amina. Tunapiga vigelegele, anakaa. Na benchi la nyuma yake amekaa mtu mwenye jaribu lilelile, lenye taa zilezile, anamtazama mgongoni, anauliza kimoyomoyo: Mama, umefanyaje? Ulimwambia nini mumeo siku ile? Ulianzia wapi kuacha pombe? Nani alikushika mkono? Hajibiwi. Amepewa mwisho wa safari, hakupewa njia. Na mwingine anayo njia kamili, ila anajiambia mimi nani, langu dogo, wenye elimu wanajua.

Marehemu baba yangu alikuwa akituvusha mto wakati wa masika. Akishafika ng'ambo hakusema "nimefika, Mungu ni mwema." Tulikuwa tunamwona kwamba amefika. Aligeuka, akanyoosha fimbo yake kwenye mawe, akapaza sauti juu ya maji: lile jeusi linateleza, kanyaga la kushoto. Na hakuondoka mpaka yule mdogo kabisa amevuka.

Mimi binti yake sikujifunza. Kila mwaka mwezi wa nane nasimama hapahapa kumshukuru Mungu kwa kunivusha nilipomzika mwanangu wa kwanza, Lusajo. Mmenisikia miaka thelathini, mmenipigia vigelegele. Wiki iliyopita binti mmoja wa ushirika huu, simtaji, alinikuta bombani. Yeye amemzika wake mwezi wa pili. Akaniuliza, "Bibi, wewe ulifanyaje?" Nikamjibu, "Mungu ni mwema, mwanangu." Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani nilipokiona kilemba changu.

Basi, binti, nakuona uko hapo, na leo nakujibu mbele ya hawa wote. Mwaka mzima sikuweza kuomba. Nilikuwa nikifumba macho hakuna kitu. Jirani yangu Mama Ambakisye alikuja kila asubuhi na maharage yake kwenye ungo, akakaa kibarazani kwangu, tukachambua. Hakunipa mstari wowote. Mwezi wa kwanza sikusema neno. Akimaliza aliomba yeye, mimi nikasema amina, na siku nyingine hata hiyo amina nilimwachia aiseme yeye. Hivyo ndivyo nilivyovuka. Kwa amina ya kuazima na maharage. Sikuwahi kuwaambia, kwa sababu niliona ni jambo dogo.

Mchungaji, tatu zako hizo nakurudishia.

Na wewe, binti, njoo kesho asubuhi. Maharage ninayo. Ungo njoo na wako.